Viduara Vinne Ng'ambo ya Mto

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Lenka kaja kuniwekea kitu kwenye simu. Tangu nilipoteleza kwenye ngazi za stoo ya chini na chupa ya pilipili mkononi – saa nzima nimekaa sakafuni, pilipili zimenimwagikia kifuani utadhani nimechomwa kisu – hawana raha. Bibi, tutakuwa tunaona uko wapi, kasema, ukianguka tutajua. Nikamwambia mimi sianguki kila siku. Akacheka, akaendelea kubonyeza. Ana miaka kumi na tano, kidole chake kinakimbia kuliko macho yangu.

Inaitwa lokesheni. Ramani ya mji wetu wote, Pirot, na juu yake viduara vyenye sura zetu. Mimi na Lenka huku mtaa wa Tijabara. Ng'ambo ya mto, mtaa wa Pazar, viduara vitatu. Todor, mwanangu wa pekee. Biserka, mkewe. Na – Zagorka! Mama yake Biserka!

"Huyu naye wa nini?"

"Bibi Zaga naye ni familia, bibi."

Lenka alipoondoka nikakifuata kiduara chake kwa jicho. Barabarani, darajani, ng'ambo. Kikaingia palepale kwenye vile vitatu. Vinne huko. Huku kimoja.

Miezi miwili, walisema. Juni Zagorka kabadilishwa nyonga, ni mjane, mtoto wake ni Biserka tu, nani atamwangalia? Haki kabisa. Mabegi niliwafungia mwenyewe. Miaka kumi na sita walikaa ghorofa ya juu ya nyumba hii, nasikia nyayo zao mpaka najua nani kaamka. Mume wangu Sotir tulikuwa tumemzika Machi. Sasa ni Oktoba. Nyonga imepona, Zagorka anakwenda sokoni na fimbo yake, anabishana bei ya kabichi – na wao bado wako huko. Mwanangu ameolewa. Nitalisema humu tu, kwenye daftari. Ameolewa!

Jumatano, 15 Oktoba

Saa moja na dakika tano Todor yuko kiwandani. Saa tisa na robo katoka. Saa tisa na nusu – darajani! Anakuja huku! Nikavua aproni, nikaweka maji ya kahawa, nikatoa jibini. Kiduara kikakata kona ya shule, kikapita kanisa, kikasimama.

Duka la misumari. Mita mia mbili kutoka mlangoni kwangu! Dakika nane kakaa. Kisha akageuka, akarudi zake ng'ambo.

Misumari ya kupigilia nini? Nyumba ya nani?

Kahawa nimeinywa mwenyewe, yake na yangu. Moyo unanidunda mpaka sasa.

Jumapili, 19 Oktoba

Vinne vimelaliana juu ya nyumba ya Zagorka tangu saa sita. Chakula cha Jumapili. Vimelaliana mpaka sura ya Todor haionekani, iko chini ya ile ya Zagorka – na picha aliyoweka ni ya kwenye harusi, kavaa kofia! Nimekuza ramani kwa vidole viwili nimtoe mwanangu chini yake. Hakutoka.

Nikampigia. Uko wapi mwanangu? Kama vile sijui.

"Niko nyumbani, mama."

Nyumbani!

Nikasema aha, sawa, nilitaka tu kujua kuni zinakuja lini. Jumanne, kasema, nitakuja kuzipanga. Nyuma yake vijiko vinagonga sahani, na sauti ya Zagorka: msalimie mkwe mwenzangu, mwambie leo nimepika maharage ya kuoka.

Na mimi nilipika maharage ya kuoka. Chungu kizima.

Jumanne, 21 Oktoba

Todor kaja! Kapanga kuni kwa saa moja na nusu. Kala maharage ya juzi, kasema matamu. Nikaenda chooni na simu, nikafungua ramani – viwili vimelaliana. Chake na changu tu. Nikampigia Lenka anifundishe kukipiga picha kioo cha simu. Ya nini, bibi? Ya kazi zangu.

Picha ninayo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Jagoda wa jirani kaja na kusengenya kwake. Kanikuta namenya vitunguu, simu nimeiegemeza kwenye bakuli la sukari.

"Shoga, siku hizi uko doria?"

Nikamwambia namwangalia tu kama kafika salama.

"Kafika wapi? Kwa mkewe? Huyo kaolewa, mama Todor! Mahari ulipokea, au walimchukua bure?"

Akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka. Nikacheka naye. Ningemmwagia kahawa!

Halafu yuko mlangoni, anavaa viatu, akatupa jingine. Na Mitrovdan je? Mshumaa Todor atauwasha hapa au kule? Nikasema hapa! Wapi tena? Slava ya ukoo wa Sotir, sikukuu ya mtakatifu wao, imewashiwa mshumaa juu ya meza hii tangu enzi za babu yake. Jagoda akabinua midomo. Sotir hayupo, kasema, slava sasa ni ya Todor, na Todor analala Pazar.

Sikuwa nimefikiria. Kweli kabisa, sikuwa nimefikiria! Mitrovdan, tarehe nane Novemba, siku ya Mtakatifu Dimitri. Kila ukoo una mtakatifu wake, baba akifa mtakatifu anapokewa na mwana. Mwana anawasha mshumaa, mwana anakata mkate – nyumbani kwake. Na Jumapili kaniambia nini? Niko nyumbani, mama.

Akiuwasha kule, basi tena. Nyumba hii itakuwa kuta na mwanamke mzee ndani. Na mimi nitakuwa mgeni wa mwanangu, kwenye sebule ya Zagorka, ninaletewa na Zagorka kijiko cha ngano ya kuchemsha, ile ya kukaribishia wageni.

Simuulizi, ng'o! Slava haialikwi. Anayejua siku anakuja, hata adui anakuja. Sasa mwana wa kuambiwa njoo kwenye mshumaa wa baba yako – huyo ni mwana gani?

Ijumaa, 31 Oktoba

Mtakatifu Luka. Slava ya Zagorka. Mwaka jana tulikwenda, mimi na Sotir, tukala samaki, Sotir akaimba hadi akakauka koo. Mwaka huu sikwenda. Hakuna aliyenipigia. Bila shaka hakuna, nani anapigiwa simu siku ya slava! Lakini mtu yuko kwenye msiba, kavaa nyeusi tangu Machi, mtu anangoja neno dogo. Si mwaliko. Neno tu.

Saa kumi Lenka katuma picha. Meza imejaa, watu kumi na kitu, wote wameketi. Mmoja kasimama. Todor! Kasimama na chupa ya rakia, anawamiminia wageni. Siku ya slava watu wote huketi ila mwenye nyumba, hilo hata mtoto wa Pirot anajua. Na mwanangu kasimama kwenye slava ya Zagorka!

Nimeitazama mpaka betri imekuwa nyekundu. Nina wivu. Haya, nimeandika. Nina miaka sitini na saba na nina wivu kama msichana aliyeachwa kwenye dansi. Natamani nyonga ya Zagorka ivunjike tena.

Hapana. Mungu nisamehe. Hapana.

Iteguke kidogo.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku ya wafu. Leo nimefanya jambo la aibu, na niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Asubuhi tulikuwa wote makaburini. Mimi nilitangulia alfajiri ili mshumaa wa kwanza wa Sotir uwe wangu. Saa mbili wakaja wanne, Zagorka katikati kashikwa mikono na mwanangu na mjukuu wangu. Kamwekea Sotir kipande cha soseji ya kupiga pasi, ile ya kwetu inayobanwa bapa na kukaushwa. Alikuwa anaipenda sana, kasema. Mimi ndiye niliyemlisha soseji hiyo miaka arobaini na mitatu! Hata kwa marehemu wangu ananitangulia sahani! Biserka kanikumbatia, Todor kapangusa jiwe. Mitrovdan hakuna aliyeitaja. Wakaondoka.

Nyumbani nikakaa, nikawaza. Wanasema wananiangalia. Ukianguka tutajua. Haya, tuone nani anajua!

Saa tisa nikarudi makaburini. Simu nikaiweka juu ya kaburi la Sotir, nyuma ya maua. Mimi nikaenda kukaa nyuma ya kikanisa kidogo, pale kwenye ndoo za maji. Nikasema kiduara changu kikikaa tuli pale jua linashuka, Todor ataona. Atasema mama kazimia juu ya kaburi la baba. Atakuja mbio. Nilishamwona kichwani, anakuja bila koti. Nilikuwa tayari na la kumwambia.

Baridi! Miguu ikafa ganzi. Saa moja na nusu nzima nimekaa kwenye ndoo.

Kisha nikasikia fimbo kwenye kokoto. Tok, tok. Na sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi.

"Perunka! We Perunka! Uko wapi jamani!"

Zagorka. Na ndala za nyumbani miguuni! Peke yake.

Nikatoka nyuma ya kikanisa. Aliponiona kashika kifua, kaketi juu ya jiwe la marehemu mwingine.

"Umenitoa roho, mkwe mwenzangu! Kiduara chako hakisogei tangu saa tisa. Nikajua umeanguka."

"Todor yuko wapi?"

"Kalala. Leo ana zamu ya usiku. Sikumwamsha."

"Biserka?"

"Kampeleka Lenka mazoezini. Mbona unauliza kama polisi? Nimekuja mimi."

Nikamuuliza, kumbe wewe unanichungulia? Akanitazama.

"Kila siku. Wewe hunichungulii?"

Nikasema mimi sina muda huo. Akacheka, tena kicheko cha mtu anayejua. Nikachukua simu yangu nyuma ya maua. Sasa ikabidi nimshike mkono mpaka kituo cha teksi, maana nyonga ilikuwa inamuuma, na ndala zimelowa. Akaniegemea. Ana uzito! Njia nzima hakuuliza nilikuwa nafanya nini kwenye ndoo. Bora angeuliza.

Nimetega mtego wa mwanangu, kanasa yeye. Sijawahi kukasirika hivi.

Jumapili, 2 Novemba

Nimezima lokesheni yangu. Lenka alinionyesha jinsi ya kuizima nisipotaka. Mimi nawaona, wao hawanioni. Sasa achungulie hewa!

Lenka kapiga. Bibi, umepotea kwenye ramani. Nikasema simu ina ugonjwa. Akasema atakuja kuitibu. Nikasema iache ipumzike.

Jumatano, 5 Novemba

Padri Vitomir kaja kubariki maji ya slava. Kaimba, kanyunyiza pembe zote nne, kisha kakaa kwenye kahawa yake, ananiangalia juu ya miwani.

"Nani atakata mkate, mama Perunka?"

"Todor. Nani mwingine?"

Akakoroga kahawa isiyo na sukari. Basi siri ikatoka. Padri mwenzake wa Pazar kamwambia kwamba Todor kaandikisha maji ya slava kule. Jana wamebariki. Nyumbani kwa Zagorka, kwa jina la Todor, kwa Mtakatifu Dimitri wetu!

Sikulia mbele yake. Nilikwenda jikoni kutafuta biskuti ambazo sina.

Padri kanifuata hadi mlangoni. Ndiyo desturi, kasema. Baba akifa, mshumaa unakwenda kwa mwana, na mama anakwenda kwa mwana. Utakwenda kwake. Nikamwambia kwake ni hapa! Aliona jua mara ya kwanza kwenye chumba kile! Padri kashusha sauti, kaniuliza kama Todor kaniambia chochote.

"Slava haialikwi, baba padri."

"Haya. Naye kasema hivyohivyo. Alipoulizwa kama amemwambia mama yake, kasema mama haalikwi, mama anakuja."

Mama anakuja! Hivihivi tu! Mama avue aproni, avuke mto, abishe hodi kwa Zagorka. Na mimi wiki mbili nzima nasema mwana haalikwi, mwana anakuja. Todor ni Sotir mtupu. Nilidhani ukaidi ule nimeuzika Machi.

Nisingesema ni Sotir peke yake. Mimi pia.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeoka mkate. Nimesuka msalaba juu yake, na zabibu, na ndege mdogo wa unga kwa ajili ya Lenka. Ngano nimechemsha, nimesaga na jozi. Kwa nani? Sijui. Mikono ilianza yenyewe.

Saa kumi na moja Todor kapiga. Tumezungumza hali ya hewa. Tumezungumza kuni, kama ni kavu. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Niseme? Aseme? Nikahesabu vigae vya ukutani.

"Basi mama, kesho."

"Kesho."

Akakata. Kesho nini? Kesho wapi?

Jumamosi, 8 Novemba – Mitrovdan

Saa tatu asubuhi. Mshumaa uko mezani, haujawashwa. Mkate chini ya kitambaa cheupe. Redio nimewasha ili nyumba isiwe kimya. Nimefungua ramani: vinne, Pazar. Havisogei.

Saa nne. Vinne.

Saa nne na nusu. Jagoda kagonga kunitakia heri, kala kijiko cha ngano, katazama mshumaa, kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Hilo limeniuma kuliko mahari.

Saa tano. Nimevaa koti.

Sasa ni saa sita kasoro. Naandika kwenye benchi, katika kibustani kilicho mbele ya nyumba ya Zagorka. Nimepita daraja dogo la miguu, huko sikutani na watu. Mkate uko mapajani ndani ya kitambaa. Daftari limo mkobani, sijui kwa nini nimelibeba. Vidole vimekufa baridi, mwandiko unakwenda kombo.

Naona dirisha la sebule. Mshumaa unawaka. Wa slava ya Sotir, mrefu, wenye utepe. Todor kasimama. Wageni wameingia sita nikiwa hapa, akiwemo binamu wa Sotir kutoka Babušnica, kavaa tai. Hakuna hata mmoja aliyealikwa, wote wamejua pa kuja. Mimi tu ndiye nimekaa barabarani na mkate kama muuza sokoni.

Ni kuvuka tu. Hatua ishirini. Nimesimama mara mbili, nimekaa mara mbili. Zagorka atafungua mlango. Atasema karibu. Karibu! Kwa mwanangu, yeye ndiye wa kuniambia karibu!

Nimefungua ramani, nimwone yuko pembe gani ya nyumba, nijiandae. Todor yumo. Biserka yumo. Lenka yumo.

Zagorka hayumo.

Kiduara chake kiko Tijabara. Mtaani kwangu. Nimekuza kwa vidole viwili – langoni kwangu! Kapita daraja kubwa, na mimi nimepita dogo. Na nyonga ile! Na kofia yake bila shaka!

Simu imeita. Zagorka. Sikupokea.

Meseji. Nainakili kama ilivyo: "Perunka fungua najua umo nasikia redio. Mkate haujakatwa. Todor hataki kukata mpaka uje na hawezi kukufuata maana ana wageni, mwenye slava hatoki. Nimekuja mimi. Fungua nasikia baridi."

Hataki kukata. Nimeisoma mara nne. Machozi yamelowesha kitambaa cha mkate.

Na hata hapo, hata hapo! – roho inaniuma kwamba ni yeye aliyekuja. Kwamba yeye ndiye aliyeona nimechelewa, yeye ndiye aliyevaa koti. Kwa nini ni yeye daima? Nimetaka Todor anitafute, Todor!

Todor katoka mlangoni. Bila koti, shati jeupe. Anatazama barabarani, kuelekea daraja kubwa. Hatazami bustanini. Mvi zimemwingia, huku mbali zinaonekana. Ningeita jina lake angesikia. Nikivuka sasa, mlango utafunguliwa na mwanangu mwenyewe. Zagorka hayupo. Ningeingia, ningeweka mkate wangu mezani kando ya ule, Zagorka angetukuta tumeshakata. Yeye abishe huko kwenye nyumba tupu, asikilize redio.

Nimelitaka hilo. Naliandika, nimelitaka kweli.

Nimewasha lokesheni.

Kiduara cha Zagorka hakikusogea kwanza. Kisha kimegeuka. Kinakuja. Mtaani kwangu, kona ya shule, polepole, kinasimama, kinakuja tena. Atakuwa anatumia daraja kubwa, dogo lina ngazi. Dakika ishirini kwa fimbo ile, labda zaidi.

Todor karudi ndani. Mlango kauacha wazi, naona makoti ya wageni ukumbini. Binamu wa Sotir kaanza kuimba, Lenka anacheka. Baridi imeniingia hadi mifupani.

Kimefika darajani. Nimekaa benchini na mkate, namngoja Zagorka.